Alama ya chaki mlangoni kwetu

Jamani, leo nusura mama amwagie jirani maji ya baraka!

Asubuhi hapa Lipangalala tumekuta alama mlangoni. Ya chaki. Mistari imejipinda, haisomeki.

Mimi nikajua tunabomolewa.
Mama akajua ni uchawi.

"Ni huyu huyu," akasema, macho kwa Mama Joy wa jirani. Na kweli, tangu juzi Mama Joy anauliza-uliza kuhusu harufu. Harufu gani, jirani?

Mama kashika chupa, anaanza kunyunyiza. Mara Flora, mdogo wangu, akatoka na mswaki mdomoni.

"Mama, nimeandika mimi! Ni Kichina, najifunza kwenye simu."

Akaonyesha kwa kidole.

"Hapa juu ni paa. Hapa chini, zamani walikuwa wanachora nguruwe. Nguruwe chini ya paa, maana yake nyumbani."

Mama akageuka kutazama sebuleni.

Maana tangu wizi uanze mtaani, nguruwe wetu analala sebuleni. Siri ya familia. (Mkikutana na mwenye nyumba, hapa hamjasoma kitu.)

Mama akafuta alama kwa kanga, haraka. Akamsogelea Flora, akanong'ona:

"Hao Wachina, nani kawaambia?"