Mstari wa Mwisho wa Matuta

Matuta ya baba yangu yalikuwa mengi kuliko nywele za kichwa changu, na siku hizo, msomaji, nywele nilikuwa nazo. Sisi Wafipa, mvua zikiwa bado zinanyesha, hufukia majani mabichi kwa udongo tukapata tuta la duara. Majani yanaozea humo kiangazi kizima. Mvua zikirudi, tuta linatawanywa, ulezi unapandwa. Ndiyo kusema jasho la mwaka huu huliwa mwakani, na mwenye haraka atafute kazi nyingine.

Mimi nilikuwa na haraka. Nilibeba magunia kwenye duka moja mjini Sumbawanga, na jioni nikasoma na watu wazima wenzangu, nikitafuta cheti cha kunifanya karani. Nyumbani nilijigamba kwamba mwalimu akikwama hesabu huniuliza mimi.

"Na wewe muulize," baba akasema, "kama anajua kushika jembe."

Akacheka, kisha akanionyesha upande wa bondeni. "Mstari ule wa mwisho nakuachia. Uje kabla mvua hazijakatika. Ukipata cheti, ulezi wa hapo ndio tutakaopikia pombe yako."

"Jumamosi ijayo, baba."

Jumamosi ikaja na imla. Ya pili ikaja na hesabu. Ya tatu, niseme kweli, ilikuja na mpira. Mvua zikakatika. Ukaingia ule upepo wetu wa baridi unaoweza kumnyoa mtu ndevu, na baba akashikwa na kifua. Nilipofika hakuweza hata kuketi.

"Mstari wako usiuhofie," aliniambia. Nikadhani ananisamehe. Wiki ileile tukamzika.

Cheti nilikipata. Mvua ziliporudi, majirani wakaja kututawanyia matuta, na shangazi akawapikia pombe kama ilivyo desturi.

"Karani, jembe halichovywi wino!" wakanitania.

Matuta ya baba yalifunguka meusi, laini, yananukia. Tukafika bondeni. Mstari wangu nao ulikuwa na matuta! Nikapiga jembe kwa furaha. Likatoka bonge gumu, na chini yake majani makavu ya manjano, hata jani moja halikuoza.

Utani ukakoma. Kila aliyekuwepo alijua maana yake. Yalilimwa mvua zimekwisha, ardhi imekuwa jiwe. Baba, ambaye hakuwahi kuchelewa msimu hata mmoja, alichelewa akiningoja mimi, kisha akalima na kifua kile.

"Nilimkataza," shangazi akasema polepole. "Akanijibu, wakija watu wakakuta hapajalimwa, mtoto wangu ataona haya."

Watu husema nilifaulu kwa bidii. Sibishi, ila hakuna anayeuliza bidii ya nani.

Mstari ule niliutawanya peke yangu, nikapanda, nikavuna. Ulezi wake wote uliingia katika kofia yangu mpya ya ukarani, na kofia yenyewe haikujaa.