Kisima Bado Kimelala

Usiku ule wa siku ambayo miyombo ya nyuma ya nyumba yetu ilikuwa imetoa majani mekundu, bibi yangu alikuja jikoni kwangu akakalia kigoda changu bila kukaribishwa. Alikuwa amekufa miaka mingi. Mimi mwenyewe nilimwosha, na kaniki aliyokuwa ameivaa ndiyo niliyoikunja kwa mikono hii na kumpa shangazi baada ya arobaini. Sikushangaa kumwona. Kilichonikera kidogo ni kwamba alikuwa amekaa karibu mno na moto, na nilitaka kumwambia asogee.

Lakini kabla sijafika mbali niseme habari ya majani hayo, maana asiyekaa huku kwetu atadhani nimeanza kuota mapema. Kwetu porini kiangazi hukausha kila kitu, hadi vumbi linaingia kwenye chumvi. Halafu, wakati mawingu yenyewe bado hayajaonekana, miyombo inachipua. Haichipui kijani. Inachipua nyekundu, na pori zima linageuka rangi ndani ya siku chache. Nyuki wanarudi. Wengi huona ni majani tu, wanaendelea na shughuli zao. Bibi yangu, Bibi Kalunde, aliyafanyia sikukuu.

Ilikuwa sikukuu yake mwenyewe. Msikitini haijulikani, kanisani haijulikani, na kwenye ukoo wetu hakuna aliyeifanya kabla yake. Siku ya majani mekundu aliamka mapema, akajifunga kanga safi, akaenda kufunua kisima chetu, ambacho hukauka na kufunikwa tangu katikati ya kiangazi. Kwanza alishusha kibatari kwa kamba mpaka chini kabisa. Moto ukisimama vizuri alipiga kigelegele, kisha akashuka mwenyewe kwa kukanyaga vijishimo vilivyochongwa ukutani, akazoa tope la mwaka mzima nasi tukalipandisha kwa ndoo. Maji ya kwanza yaliyochuruzika kule chini yalitiwa asali, tukanywa wote kwa zamu kwenye kata moja, na yaliyobaki aliumwagia mti wa karibu. Majirani walitutania kwamba watu wa kisima wana Idi yao. Bibi aliwajibu waje na vikombe.

Mwaka mmoja, nikiwa mdogo, kibatari kilizimika kikiwa ndani. Bibi alisema, "Kisima bado kimelala," akatufukuza wote ukingoni. Alikata tawi refu lenye majani mengi, akalifunga kamba, akawa analishusha na kulipandisha kutwa nzima, huku sisi tukicheka kwamba anakitekenya kisima ili kiamke. Hakueleza. Bibi hakuwa mtu wa kueleza; alitenda, na wewe ukajifunza kwa macho kama unayo.

Alipofariki nikairithi sikukuu. Mimi ni mbishi, lakini mambo yake niliyafuata yote: kanga safi, kigelegele, asali, mti. Nilichobadilisha ni kibatari tu. Nilinunua tochi ya sola inayomulika mpaka unaziona kokoto za chini, na sikuona sababu ya kuendelea na kitu kinachofuka moshi. Niliamini taa ile ilikuwa ya kumulikia. Mwaka huu pia mbao za kufunikia kisima zililiwa na mchwa, nikafunika kwa turubai na kulikandamiza kwa mawe pande zote, nikajisifu kwamba hata jani halitaingia.

Na mwaka huu goti langu limegoma. Mwanangu Salome, ambaye ni fundi cherehani mjini, alikuja kunisalimia akakuta miyombo imegeuka, akasema safari hii atashuka yeye. Salome ndiye mtoto niliye naye, sina mwingine. Nilifurahi kupita kiasi. Jioni ile tulitoa asali kabatini, tukapanga twende pamoja kukicha, nikalala nikiwa mwepesi.

Basi Bibi yuko jikoni. Nampa shikamoo. Haitikii. Hilo lilinishtua kuliko kuja kwake, kwa sababu alipokuwa hai aliitikia hata shikamoo ya mlevi. Tena siku zote aliniita mke mwenza, utani wa bibi na mjukuu, akidai kwamba tunamgombea babu. Usiku ule hana utani. Amepakata kibatari chake cha kopo, anavuta utambi kwa kucha, anautazama, anaupunguza, anautazama tena.

"Bibi, siku hizi tuna sola," nikamwambia.

Hakuinua macho. Nikageuka nichukue sufuria nimchemshie chai, na jiko halipo. Niko uani. Uwanja umejaa watu wamekaa kwenye mikeka, wanawake upande wao, wanaume upande wao, na hakuna anayezungumza. Ni watu ninaowajua, wengine wazima, wengine tulishawazika. Wote wamevua viatu, na miguu yao ina tope bichi mpaka magotini. Nikawa najiuliza, kiangazi chote hiki, tope wamelitoa wapi.

Wananipa mkono mmoja mmoja. "Pole, Mama Salome." "Pole sana." Naitikia kwamba nimeshapoa, na sijui nimefiwa na nani. Naona aibu kuuliza. Mtu mzima atauulizaje msiba ulio kwenye uwanja wake mwenyewe? Namtafuta Salome aninong'oneze. Napita upande wa wanawake, uso kwa uso, Salome hayupo. Katikati ya uwanja kuna kitu kimefunikwa kwa turubai langu la kisima, kimekandamizwa kwa mawe pande zote, na kwa umbo lake najua ni cherehani yake. Ndipo nilipoanza kuogopa. Wale watu wakanitazama kwa huruma, wala hakuna aliyeinuka.

Nikashika jiwe moja. Zito. Nikasukuma kwa mikono yote miwili, kona ya turubai ikainuka, na ninapochungulia chini yake niko kisimani.

Kisimani kumetulia vibaya. Miyombo imetuzunguka, myekundu kuliko nilivyowahi kuiona, na nyuki wametanda kwenye maua lakini hawavumi. Bibi amekaa ukingoni. Miguu yake yeye ni mikavu na safi. Anafunga kamba kwenye kibatari, anakishusha. Naufuata mwanga kwa macho, unapita kijishimo kimoja, unapita kingine, halafu unakuwa mdogo, unageuka buluu, unazimika. Hakuna aliyeupuliza. Bibi anavuta kamba, anakiwasha kwa kijinga cha moto, anakishusha. Kinazimika pale pale. Anarudia, na kurudia, bila haraka, na kila kinapozimika ananitazama usoni akisubiri niseme neno.

Sijui anataka niseme nini. Nililia, maana hata ndotoni nilijua kwamba naulizwa swali, na kwamba jibu nililiona kwa macho yangu nikiwa mtoto, nikalicheka.

Kwa kutaka kumridhisha nikasema, "Acha, Bibi, nina taa nzuri," nikampa tochi yangu. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuzageuza, akaifunga kamba, akaishusha. Tochi inashuka ikiwaka. Inapita pale kibatari kilipokuwa kinazimikia, inawaka. Inafika chini, na kisima chote kinakuwa cheupe. Nikafurahi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nipige kigelegele nilipomwona Salome.

Amekaa kwenye tope, ameegemea ukuta, kitambaa cha kichwa kimelegea na kidevu kiko kifuani, kama anavyosinzia kwenye cherehani kazi zikimzidi. Nikamwita. Nikamwita kwa jina lake, halafu kwa jina nililokuwa nikimwita alipokuwa akinyonya. Mwanga unampiga usoni na hapepesi macho.

Bibi akanitazama, na kwa mara ya kwanza usiku ule akaniita kama zamani. "Hii yako haizimiki, mke mwenza," alisema. "Itawaka hata mtu akifa."

Akaniwekea kibatari mkononi. Ni cha moto, kinaniunguza kiganja, nataka kukiachia na vidole vinakataa, na hapo hapo nikaamka.

Nilikuwa nimelalia mkono, umekufa ganzi. Nje kumeanza kupambazuka. Niliita, "Salome," kwa sauti ya kawaida, nikijiambia ndoto ni ndoto, na nyumba haikujibu. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Kanga mpya niliyomwandalia haikuwa kwenye kiti. Nikainua macho ukutani, kwenye msumari ninapotundika tochi, nikaona msumari peke yake.

Nilimwelewa mara moja, maana ni mwanangu. Alitaka kuniwahi. Alitaka nifike nikichechemea nimkute keshashuka, anapiga kigelegele kutoka chini, mimi nicheke.

Sikutafuta ndala. Jikoni kibatari kilikuwa juu ya kabati, ninapokiweka kwa ajili ya siku za mawingu sola inapogoma. Nikakichukua na kiberiti nikakimbia. Goti lilikuwa linaniambia maneno yake, sikulisikiliza. Njia ya kisimani ni ile ile niliyopita maisha yangu yote, na asubuhi ile niliichukia kwa urefu wake. Miyombo ilikuwa myekundu kila upande. Nyuki walikuwa wanavuma, na nilishukuru kuwasikia.

Turubai lilikuwa limekunjwa vizuri pembeni. Salome hukunja kila kitu. Ndala zake zilikuwa ukingoni. Mwenyewe alikuwa ndani tayari, kichwa na mabega tu nje, mguu mmoja unapapasa kijishimo cha chini yake. Tochi alikuwa ameshaishusha.

"Shikamoo, mama," alisema akicheka. "Umeniharibia, nilitaka ukute…"

"Panda juu."

"Mama, mbona unanitisha?"

"Salome. Panda juu."

Sikuwahi kumsemesha kwa sauti ile hata alipokuwa mtoto. Alipanda amenuna, akasimama anakung'uta vumbi kwenye kanga mpya. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti, nafungua kamba ya ndoo na kuifunga kwenye kibatari. Njiti ya kwanza ilivunjika mkononi, ya pili ikawaka. Nikakishusha. Tukainama wote wawili, kichwa changu kikigusana na chake. Mwali ulisimama, ukateremka umesimama, ukapita pale mguu wake ulipokuwa. Chini kidogo ya hapo ukapungua, ukageuka buluu, ukazimika.

"Upepo huo," alisema Salome.

Juu yetu halikutikisika hata jani moja. Nikakivuta, nikakiwasha upya, nikakishusha. Kikazimika pale pale.

"Basi mafuta yameisha," alisema, ila sauti yake ilikuwa imeshuka.

Nilikivuta tena, nikakitikisa karibu na sikio lake. Mafuta yalikuwa yanacheza ndani, kopo limejaa nusu nzima. Alirudi nyuma hatua chache, akakaa chini vumbini na kanga yake mpya, akanishika mkono ule uliokuwa umekufa ganzi, akaung'ang'ania.

"Kisima bado kimelala," nilimwambia. "Nenda kakate tawi refu, lenye majani mengi, tuipepee hewa mbaya ya humo itoke."

Alikwenda. Nilimsikia akipiga panga kule kwenye miyombo, na kila pigo nililisikia kwa raha, kwa sababu anayepiga panga ni mtu aliye hai. Nikainama kuangalia ndani. Tochi ilikuwa bado inaning'inia kule chini, inawaka vizuri, imeliangaza tope lote.