Aliye Mgongoni Si Abiria

Mniwie radhi kwa mwandiko huu. Herufi zangu zinalala upande kama nyasi baada ya mvua, na maneno mengine sina hakika kama nimeyaandika sawasawa. Niliishia darasa la sita, na tangu hapo mkono wangu umezoea mkasi kuliko kalamu. Ukurasa mmoja unanichukua jioni nzima. Lakini jambo hili ni afadhali niliandike, kwa sababu mbele za watu ulimi wangu hunikimbia.

Ninaishi Nyakabanda na bibi yangu na mtoto wa dada yangu. Mchana nakaa kwa fundi cherehani, nakata vitambaa na kushona vifungo. Dada anapika katika nyumba ya watu huko Kabeza, upande wa pili wa mji, na analala hukohuko. Alipopata kazi hiyo mtoto alikuwa ametoka tu kuachishwa ziwa. Wenye nyumba si watu wabaya, lakini hawakuwa na nafasi ya mtoto wa mpishi. Jumapili asubuhi wanakwenda kanisani, na tangu wanapotoka mpaka wanaporudi kutaka chakula, dada anaruhusiwa kukaa na wageni wake kwenye kibaraza cha nyuma. Wageni wake ni sisi wawili.

Kwa hiyo kila Jumapili kazi yangu ilikuwa kumvusha mtoto mji mzima. Gari hatuna, na katika ukoo wetu sijasikia mtu anayejua kuendesha. Bibi miguu yake haimfikishi mbali zaidi ya msikitini.

Mtu ambaye hajatembea na mtoto aliyeanza kutembea juzi anadhani shida ni uzito. Uzito si kitu. Shida ni kwamba yeye ana safari yake na wewe una yako. Kutoka kwetu hadi kituo cha basi kuna mteremko, halafu ngazi za mawe. Ngazi anataka kuzishuka mwenyewe, na akifika chini anataka kupanda tena azishuke upya. Kila mlinzi wa geti lazima asalimiwe kwa mkono, na asipojibu hatuondoki. Kuna vifuniko vya mtaro ambavyo ukivikanyaga vinalia, navyo havirukwi hata kimoja. Nikimnyanyua anakuwa mgumu kama ubao, halafu ghafla analegea kama maji na kuniponyoka kwapani.

Ndani ya basi alitulia yeye, nikahangaika mimi. Ukipanda na mtoto na viti vimejaa, mikono inanyooshwa. "Lete mtoto." Hawakuulizi wewe ni nani. Mara mtoto yuko mapajani kwa mama usiyemjua, anachezea mkufu wake, na wewe umeshika bomba. Hilo ni jambo jema na bado nalikumbuka kwa shukrani. Lakini anayekupakatia mtoto anapata pia haki ya kuuliza.

"Mama yake iko wapi?"

"Kazini."

"Jumapili?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ni baba?"

"Mjomba."

"Nilijua. Soksi moja nyekundu, moja ya bluu. Hiyo ni kazi ya mjomba."

Watu wanacheka, na mimi naangalia dirishani mpaka Remera.

Bibi hakuwa na subira na malalamiko yangu. Kila Jumapili alitia kwenye begi kitenge chake cha zamani, kilekile alichombebea mama yetu, kisha dada, kisha mimi. "Mfunge mgongoni uende zako," alisema. "Mtoto wa mgongoni hana habari ya ngazi." Mimi nilikizungusha kwenye chupa ya uji ili usipoe. Mwanamume wa kwetu humweka mtoto mabegani, au humshika kifuani kidogo kama anayemshikia mtu mwingine. Mgongo ni wa akina mama na wa wasichana. Hakuna aliyenikataza mbeleko. Sikuhitaji kukatazwa.

Hata hivyo, kilichoninyima raha siku zile ni kwamba mtoto alikuwa anamsahau mama yake.

Mwanzoni alilia tulipokuwa tunaondoka Kabeza. Baadaye akawa halii tunapoondoka. Halafu akaanza kulia tunapofika. Dada akinyoosha mikono, mtoto anaficha uso shingoni kwangu. Dada anachuchumaa, anaimba, anatoa kipande cha andazi mfukoni mwa aproni, na kadiri anavyomtazama ndivyo mtoto anavyozidi kujificha. Siku moja akamwita "tanti", kama anavyowaita wanawake wote wa dukani. Dada alicheka. Kisha akaingia jikoni kuangalia sufuria, na mimi nilikuwa naiona ile sufuria, haikuwa motoni.

Alipotoka aliniambia, "Usikose Jumapili hata moja, mdogo wangu. Ukikosa moja tu nitabaki picha ya ukutani."

Nilimwahidi. Na Jumapili ninayotaka kuwasimulia nilikaribia kuivunja ahadi hiyo kwa uzembe tu. Nilisahau kwamba ndiyo ile Jumapili ambayo barabara kubwa zinafungwa asubuhi ili watu wafanye mazoezi.

Tulifika kituoni, basi hakuna. Barabara nzima ilikuwa ya watu wenye viatu vya kukimbilia na watoto wenye baiskeli. Mtoto wangu alifurahi sana, akataka kumsalimia kila anayekimbia. Nilimuuliza polisi, akasema mabasi yatapita barabara zikifunguliwa. Nikapiga hesabu kichwani. Wakati huo wenye nyumba wa dada watakuwa wameshakaa mezani.

Nilimbeba mbiombio hadi barabara ya nyuma, mahali pikipiki zinapokaa. Dereva wa pikipiki kwetu tunamwita motari. Wa kwanza alitikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Wa pili, mtu mnene wa maneno mengi, alinitazama juu hadi chini.

"Kabeza ntakibazo, hakuna shida, napita Gikondo, barabara iko wazi. Lakini wewe moja, mtoto mbili. Polisi iko pale chini."

"Nitampakata."

"Ukimpakata ni abiria. Mfunge mgongoni. Aliye mgongoni si abiria, ni mgongo wako."

Wenzake wakacheka. Kando yetu alikuwa amesimama msichana wa rika langu, amevaa gauni la kanisani, naye anasubiri pikipiki. Ningeweza kuvumilia macho ya mtu mwingine yeyote.

"Kitenge unacho?" msichana akaniuliza.

"Sina."

Mtoto alikuwa chini anapekua begi. Akatoa chupa na kitenge chake, akampa msichana kama anayemtunza zawadi.

"Na hiki?"

"Cha uji."

"Siku hizi uji nao unabebwa kwa mbeleko?"

Aliniambia niiname. Nikainama. Akamwinua mtoto akamlaza mgongoni kwangu. "Inama zaidi. Hadondoki huyo, wanazaliwa wanajua." Akapitisha kitenge, akavuta ncha zake chini ya makwapa yangu, akazikaza kifuani na kupiga fundo. Mimi ninayegusa vitambaa kutwa sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Haya, mama mzazi, panda," akasema motari, akinipa kofia.

"Mpeni uji huyo, kajifungua jana," akasema mwingine.

"Uji anao," msichana akawajibu, akaiweka chupa ndani ya begi langu.

Motari yule pamoja na utani wake aliendesha polepole kama aliyebeba mayai. Mtoto alijaribu kugeuka, akaona hakuna pa kwenda, akatulia. Kabla ya Gikondo alikuwa amelala. Nilisikia pumzi yake ikipita kwenye shati langu, joto, halafu baridi kidogo, halafu joto. Watu walitutazama njiani. Aibu niliyoitegemea ilikuja kweli, ila ilikuwa ndogo kuliko nafasi niliyoiandalia. Polisi wa kule chini alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akatupungia mkono tupite.

Dada alikuwa amesimama nje ya geti. Niliposhuka sikuthubutu kumtazama.

"Nani kakufunga?"

"Msichana."

"Amefunga vizuri," akasema. Kisha akateremsha sauti. "Amelala?"

"Amelala."

"Basi usimwamshe. Njoo."

Kwenye kibaraza cha nyuma nikainama, naye akainama nyuma yangu. Akalegeza fundo, akamshika mtoto kwa mikono miwili na kumhamisha kutoka mgongo wangu kwenda wake, kama unavyohamisha moto kutoka jiko hadi jiko. Akakaza kitenge. Mtoto hakuamka. Dada hakukaa chini. Alianza kutembea polepole, kutoka ukutani hadi kwenye pipa la maji, kutoka kwenye pipa hadi ukutani.

Mimi nilikaa kwenye ngazi, kwa hiyo ni mimi niliyeona macho yakifunguka. Mtoto aliniona mimi kwanza, nimekaa mbali naye. Akauangalia ukuta. Akarudisha shavu kwenye mgongo ule na kuusikiliza. Lazima alijua si wangu, mimi nina mifupa mingi. Akatia kidole mdomoni.

"Ameamka?" dada akauliza bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Analia?"

"Hapana."

Akaendelea kutembea. Baada ya muda mkono mdogo ulitoka ndani ya kitenge, ukapanda bega, ukashika sikio la dada na kubaki hapo. Ni tabia yake ya tangu ananyonya. Nilikuwa nimeisahau.

Nimelifikiria jambo hilo nikiwa nakata vitambaa. Jumapili zile zote tulikuwa tunamwekea mtoto uso mbele na kumtaka aupende sasa hivi, kabla gari la wenye nyumba halijarudi. Mgongo haukumtaka chochote. Ulimchukua tu akiwa na usingizi wake.

Gari lilipopiga honi getini, dada alimfungua haraka na kunirudishia. Hapo mtoto akalia. Alimnyooshea mikono mama yake, akaita, akanipiga kifuani. Tangu miezi ile ya mwanzo hakuwa amelia tunapoondoka. Dada alikuwa anafuta macho kwa aproni na kutabasamu.

"Msikie anavyolia," akaniambia, kama mtu anayenionyesha kitu kizuri alichonunua.

Siku hizi ninamfunga tangu nyumbani. Fundo nafunga mwenyewe. Kwa fundi wananiita mama mtoto, wanasema watanishonea gauni, na nimezoea. Dada naye hamsalimii tena kwa kumtazama. Anageuka na kuinama, na mtoto anapanda mwenyewe.

Lakini anakua. Miguu yake inanigonga mapajani, na wiki iliyopita alikataa kabisa kufungwa, akataka kwenda kusalimia walinzi. Mgongo unakaribia kwisha, na Kabeza bado ni mbali. Kama miongoni mwenu mnaosoma haya yuko aliyewahi kumpelekea mama mtoto wake namna hii, au mama aliyewahi kungojea hivyo getini, naomba aniandikie ni nini kinachofuata baada ya mbeleko. Hata mistari miwili inatosha. Mwandiko mbaya si neno, nitasoma polepole kama ninavyoandika, na yatakayomfaa dada nitampelekea Jumapili.