Mahubiri Yangu ya Kwanza Rangwe

Miaka ya tisini, seremala wa Migori aliyetaka kuunda vitanda alikuwa anajidanganya. Watu walikuwa wanakufa. Mimi nilikuwa na kibanda changu Suna, nikaunda majeneza hadi nikaona haya kusalimiwa. Mtu akiniuliza habari za kazi, nimjibu nini? Nzuri?

Ndipo nilipoamua kwamba Mungu hakuniumba kwa ajili hiyo. Alikuwa na mpango bora, na kwa bahati ulifanana sana na niliokuwa nao mimi: kuhubiri. Sauti nilikuwa nayo, tai pia, na kanisani kila Sabato walinipa dakika tano za matangazo nami nikazifanya ishirini.

Sikukurupuka, lakini. Nilifunga siku tatu, nikamwomba Bwana ishara: mtu wa kwanza kunisemesha siku ya nne aniite kwa kazi niliyopangiwa. Mke wangu nilimkataza kufungua mdomo asubuhi hiyo, asije akaharibu. Nikavaa tai, nikaenda sokoni. Muuza viatu vya mitumba akapaza sauti, "Pasta! Karibu pasta, hii ni saizi yako!"

Machozi yalinilengalenga. Kwamba jamaa yule alimwita kila mwenye tai pasta, na kila mwenye kalamu mfukoni mwalimu, nililijua miaka yote. Siku hiyo nililisahau. Viatu nilinunua.

"Baba watoto," mke wangu akauliza, sasa akiwa na ruhusa ya kusema, "na Mungu amesema tutakula nini?" Nikamwambia ana imani haba, nikafunga kibanda.

Wiki haikuisha. Wachungaji walikuwa wachache kuliko mazishi, na mzee mmoja wa kanisa akanituma Rangwe, Ijumaa, kumzika kijana aliyefia Nairobi. Jeneza lake lilinunuliwa huko huko, vanishi inang'aa, vishikio vya rangi ya dhahabu. Liliwekwa juu ya stuli mbili mbele yangu. Nikafungua Biblia, nikaanza na Adamu.

Nilipofika kwa Nuhu nikasikia ubao ukilia. Masikio ya seremala hayaokoki. Nikainama kidogo, kana kwamba ni kwa unyenyekevu, nikaona: upande wa chini ulikuwa wa ubao mwembamba uliolowa, na misumari ilikuwa imeanza kuachia. Wakilinyanyua tu, kijana yule angeanguka chini mbele ya mama yake. Hakuna mwingine aliyejua. Na mimi nikinyamaza katikati ya mahubiri ya kwanza na kuomba nyundo, nani angeniita tena kuhubiri?

Nilisita, sikufichi. Nilisita hadi Nuhu akatoka safinani. Ubao ukalia tena, nikaifunga Biblia, nikaomba nyundo na mbao.

Vijana waling'oa mlango wa banda la kuku, wakaniletea pamoja na misumari iliyopinda. Nikavua tai, nikaingia chini ya jeneza. Wanawake wakaimba kwa nguvu ili mama asisikie nyundo. Tulimzika jua likiwa bado juu, kabla Sabato haijaingia.

Baadaye mama yule akaniita kando. Nikajipangusa vumbi, nikitarajia ataguswa na habari za Nuhu.

"Nyathina," akasema kwa Kiluo, mwanangu, "mahubiri yako sikuyashika. Lakini mtoto wangu umemsitiri." Akatazama nyumba. "Ndugu yake amelala humo. Hospitali wameshatuambia tumrudishe tu nyumbani. Siku yake ikifika, lake uliunde wewe."

Nilimkasirikia Mungu pale pale uani. Nilikuwa nimeomba wito usio na shaka, na huu haukuwa nayo hata chembe. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyenihitaji namna ile. Nilitaka kukataa. Nikasema, "Ee, mama," naye akanishika mkono tuingie nimsalimie mgonjwa.

Alikuwa kijana wa umri wangu, mifupa mitupu chini ya blanketi, macho yake mazima kabisa.

"Wewe ndiye mhubiri?"

"Hapana. Mimi ni seremala."

"Nyundo niliisikia." Akatabasamu kidogo, akanyoosha miguu hadi ikapita ukingo wa kitanda. "Mimi ni mrefu kuliko yeye."

Nikampima kwa macho, utosini hadi vidoleni.

"Nimeona, ndugu yangu," nikamwambia, nikakaa naye.