Kasuku wa Mikaratusi na Shimo la Asajile

Kama unataka kucheka, cheka kabisa umalize, halafu unisikilize. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yamenipata mimi mwenyewe, mama wa watoto wawili, muuza sweta za mitumba pale soko la Mwanjelwa, na pombe siijui ladha yake. Kanisani naenda, lakini si mtu wa kuona maono. Jirani yangu wa kibandani akiota ndoto anatafuta wa kumwombea. Mimi nikiota nageukia upande wa pili, nalala.

Nianze na hao kasuku. Watu wa mbali wakisikia Mbeya kuna kasuku wanabisha, wanasema wale ni ndege wa joto, wa misitu ya Kongo. Ni kweli. Hawa wetu ni watoro. Miaka mingi iliyopita lori lililokuwa limewaficha kwenye matenga lilipinduka karibu na mji, matenga yakapasuka, ndege wakatawanyika. Wengi walikufa kwa baridi wiki ile ile. Waliobaki wakahamia kwenye mikaratusi iliyo nyuma ya reli, si mbali na kwangu, mtaa wa Soweto. Wa kijivu, mkia mwekundu. Mwezi wa sita na wa saba, baridi inapouma masikio, wanashuka kujibanza kwenye bomba la moshi la tanuri la mikate, wamepanga foleni kama wateja. Na wanaiga kila kitu: honi ya bodaboda, mlio wa simu, mama anayetembeza maandazi. Mara ngapi nimetoka mbio na sahani mkononi, kumbe mama maandazi hayupo, ni mshenzi mmoja juu ya waya! Tumewazoea.

Sasa Asajile. Huyo ni mdogo wangu, tumbo moja, na tulizaliwa wawili tu. Alikuwa utingo wa malori yanayokwenda Kongo. Akirudi safari alifikia kwangu, asubuhi na mapema, anagonga dirisha langu: "Dada, nifungulie, baridi!" Kila safari maneno hayo hayo. Halafu akapotea. Dereva wake alirudi peke yake, akasema walipotezana huko huko ng'ambo, wala hajui alikoelekea. Simu haipatikani. Mwaka ukapita, wa pili, wa tatu. Nilikwenda Tunduma mpakani mara nne, picha yake mkononi, namwonyesha kila anayevuka. Wapi!

Wazee wa ukoo kule kwetu Tukuyu wakakaa kikao. Katika ukoo wetu, mtu akipotea namna hiyo na mwili usipatikane, unazikwa mgomba. Unakatwa mgomba wa kimo chake, unavishwa shuka jeupe, unashushwa kaburini, watu wanalia, msiba unaisha. Na ukishazikwa ndiyo basi. Hata mwenyewe akitokea kesho yake hapokelewi uani kwa baba yake, kwa sababu mtu wa jina hilo yumo ardhini. Anageuzwa njiani kama mzimu.

Baba mdogo alinipigia Jumatano. "Mwanangu, tumepanga Jumamosi. Tumechoka kulia nusu nusu."

Nisikudanganye, sikubisha. Na mimi nilikuwa nimechoka. Nikamwambia nitakuja na mchele.

Alhamisi asubuhi, jua limeshatoka lakini ukungu umekaa hapo hapo, niko uani napuliza jiko la mkaa. Nikasikia, "Dada, nifungulie, baridi!"

Sauti ya Asajile. Si ya kufanana, ni yake, na ule mkwaruzo wa mtu aliyelala kwenye lori. Jiko likaniponyoka. Nikazunguka nyumba mbio, na nani nimkute dirishani? Kasuku. Amevimbisha manyoya, ananitazama kwa jicho moja.

Najua unachosema, na mimi nilikisema. Kwamba ndege aliyanasa maneno hayo zamani, Asajile mwenyewe alipokuwa akigonga. Sawa. Lakini miaka mitatu yote alikuwa amemeza? Anayatema leo, zimebaki siku mbili tu mdogo wangu achimbiwe kaburi? Ndege akaruka hadi kwenye waya, akaningoja. Nikamfuata. Naye akaruka tena, akaningoja tena. Tukaenda hivyo, mimi na kanga yangu na kandambili, tukavuka reli, mpaka kwenye mikaratusi.

Chini ya miti alisimama mtu.

Alikuwa amenipa mgongo. Kimo cha Asajile, na bega la kushoto limeinama kidogo kama lake. Koti sikuliona, wala nguo yoyote, maana mwili mzima ulikuwa umefunikwa na kasuku. Kichwani, mabegani, mgongoni, wamebanana kila mmoja anatafuta joto. Hakuna aliyelia. Niamini, kasuku arobaini kimya ni kitu kibaya kuliko kelele yoyote.

Miguu iliniambia nikimbie. Nikaikatalia. Nilijiambia, nikiondoka hapa sijajua, Jumamosi nitasimama kaburini nalia na sitajua ninamlilia nani.

Nikauliza jambo moja tu. Tulipokuwa wadogo, chungu cha mama kilivunjika, tukazika vigae. Mama alipouliza, Asajile alisema ni yeye, akachapwa mpaka fimbo ikakatika. Hajawahi kumwambia mtu. Wala mimi, kwa aibu, sijawahi.

"Kama ni wewe," nikasema, "vigae tulivizika wapi?"

Halafu kasuku mmoja, pale begani palipoinama, akasema kwa sauti ya ndugu yangu, taratibu, na kicheko chake ndani: "Chini ya mparachichi, Dada. Na aliyekivunja ni wewe."

Haya, niambie. Hilo kasuku wa Mbeya alilinasa dirisha gani?

Nikalia kwa sauti. Nikamwita, "Asajile, uko hai?" Yule mtu akaanza kugeuka. Nikaona uso unavyokuja, polepole, na mahali pa uso palikuwa manyoya tu. Hapo hapo ndege wote wakaruka kwa pamoja, mlio ukanipasua masikio. Walipoisha, palibaki kisiki cha mkaratusi. Kisiki kikavu, kimo cha mtu, na mavi ya ndege chini yake. Nilikishika kwa kiganja. Asubuhi ile ya baridi kali, kilikuwa na joto kama mtu mwenye homa.

Kufika nyumbani nilikuwa nimeshaamua. Nilimwacha Asajile achapwe kwa ajili yangu. Sitamwacha azikwe.

Jumamosi nilifika Tukuyu bila mchele. Shimo limechimbwa tayari, mgomba umelazwa kwenye mkeka na shuka lake, wanawake wanaimba. Sikumsalimia mtu. Nilivua viatu nikaruka shimoni. Lilinifika kifuani. Nikakaa chini.

Unafikiri zilikuwa kelele kidogo! Baba mdogo akachungulia.

"Toka humo, mwanangu. Watu wanatazama."

"Watazame."

"Umepata habari zake?"

"Nimepata."

"Nani kakuletea?"

"Kasuku."

Nilisikia mtu anacheka, mwingine anasema masikini ameshachanganyikiwa. Shangazi akaanza kuniombea kwa Kinyakyusa. Vijana wawili walitaka kunivuta, nikawaambia atakayenigusa nitamng'ata, na walijua sitanii. "Kama mnazika, zikeni," nikasema, "lakini mtaanza na mimi, mgomba uje juu yangu."

Nilikaa tangu asubuhi mpaka jua likaanza kushuka. Manyunyu yalinyesha, matope yakanifika kiunoni. Mchungaji aliaga. Wageni wakala chakula, wakaondoka mmoja mmoja, wengine hata hawakuniangalia. Mwisho alibaki baba mdogo, ameketi ukingoni, kofia mkononi. Alikuwa analia, mzee wa watu. Akasema, "Haya. Tutafukia udongo mtupu. Lakini asiporudi, laana ya kumwacha bila msiba ni yako." Nikasema ni yangu. Akaninyooshea mkono.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa mwehu wa ukoo. Harusi sialikwi, simu yangu haipokelewi. Sokoni maneno yakafika, wakanipa jina la Mama Kasuku. Niliuza sweta zangu. Ilipita miezi saba.

Katika mwezi wa nane tangu siku ile ya shimo, Jumanne moja, mchana kweupe, nimeinama nafungua belo jipya, mteja akanyanyua sweta ya bluu akauliza bei gani. Nikamtajia bila kutazama. Akasema, "Kwa ndugu pia unauza bei hiyo hiyo?"

Nilimpiga. Haki ya Mungu, kabla ya kumkumbatia nilimpiga makofi mawili, ndipo tukaanguka wote juu ya belo tukilia, wateja wametuzunguka. Alikuwa amekonda, jino moja hana. Alifungwa gerezani ng'ambo, kwa mzigo usiokuwa wake, bila simu, bila mtu wa kutuletea habari. Jumapili yake nilimpeleka Tukuyu. Baba mdogo alimpokea mlangoni kwa mikono miwili, akamwingiza ndani, akamkalisha kwenye kiti cha marehemu baba.

Nilipomsimulia habari za kasuku alicheka mpaka akashika mbavu. Ila nimemwona. Akienda dukani anazunguka barabara ya juu, njia ya mikaratusi haipiti hata umkokote. Na kitandani kwake blanketi ni nne, hata Desemba.

Sasa wewe unayenisikiliza. Labda nawe una mtu wako aliyepotea, na watu wamechoka kukusubiri uchoke. Watakuja kwa upole, watakuja na wachungaji, watakwambia ujipe moyo. Wakikuletea kitu kilichovishwa shuka wakasema huyu ndiye ndugu yako, fumbua shuka. Usipomwona yeye, ingia shimoni, ukae. Mimi nilikaa siku moja, na ningekaa mwezi.