Maji ya Mkamwana

Sedekia alizibua mitaro ya maji machafu mjini Mbeya tangu mwaka 1951. Wenye pua laini walimcheka, lakini mtaro ukiziba walimwita baba.

Kwa Wanyakyusa, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Basi kila alipofika nyuma ya nyumba ya mwanawe, Sedekia alikohoa kwanza, ili Ikupa, mke wa mwanawe, aingie ndani na kufunga mlango. Miaka minne alimjua kwa maji yake tu: povu la sabuni, weupe wa maji ya mchele, majivu ya kusugulia sufuria.

Ikupa akafa kwa uzazi. Hata mazikoni Sedekia alisimama mbali, asimwone. Mwanawe akaitia nyumba kufuli, akaenda machimboni Chunya.

Wiki iliyofuata Sedekia aliinama na koleo lake pale pale, bila kukohoa. Amkoholee nani? Mara maji yakatiririka mtaroni, ya vuguvugu, yana povu.

Alisimama kama mti. Kisha, kwa mazoea, akakohoa.

Maji yakakatika, na mlango wa uani ukafungwa taratibu kutoka ndani.