Damu ya Mama Kwenye Mguu Wake

Mama alichomwa na mwiba mguuni akifuata ndama, na kidonda kile akakaa nacho karibu miaka miwili. Mimi nafundisha shule ya msingi Mogitu. Kila Jumamosi nilikwenda kwake Dirma kukisafisha. Harufu yake sikuizoea, na uso wangu haukujua kuficha. Mwishowe nilimshawishi tupande basi hadi hospitali, Haydom.

Daktari kijana alimwamkia shikamoo, akavuta kiti akaketi karibu na mguu. Alieleza kwamba angemtoa damu kidogo, aizungushe kwenye mashine, achukue ile sehemu inayosaidia jeraha kufunga, kisha aipake kidondani.

"Damu ya nani?" mama akauliza.

"Yako mwenyewe, mama. Haichanganywi na ya mtu mwingine."

Akakataa. Damu ikishatoka mwilini, alisema, si yako tena. Nilikuwa nimechoka, nikamjibu mbele ya wagonjwa wengine, "Basi kaa na kidonda chako." Alishusha gauni lake, akaufunika mguu.

Daktari hakubishana naye. Alitoka, akakaa kitambo, akarudi na kichupa: chini wekundu mzito, juu maji ya manjano. Mama alikipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Imejitenga kama maziwa yaliyolala," akasema. "Hii ni ya nani?"

"Yangu. Nimetolewa sasa hivi." Ndipo nikaona pamba iliyobandikwa kwenye mkono wake.

Mama alimrudishia kichupa, halafu akakunja mkono wa gauni lake.

Ile sehemu ya manjano ya damu yake iliganda ikawa laini kama uji uliopoa. Waliilaza juu ya kidonda, wakafunga bandeji. Tulirudi kila wiki, na kila wiki kingo zilisogeleana kidogo, ngozi changa ya waridi ikiingia kutoka pembeni.

Katika safari mojawapo ya kurudi, ndani ya basi, nilimwomba msamaha.

"Ulikuwa umechoka," akasema. "Lakini usiniseme tena hivyo mbele za watu. Mguu ni wangu, na kuogopa ni kwangu."

Miaka yote miwili sikuwahi kumuuliza kama anaogopa.

Karibu na kifundo pamebaki tundu dogo kama punje ya maharage. Daktari anasema huenda likafunga, huenda lisifunge. Mama analisafisha mwenyewe asubuhi, kisha anatoka na ng'ombe.